Mwamba wa Wanaume

Mjomba Clarrie alisimama pembeni mwa msitu, akavua kofia, akawapigia hodi wazee wa kale kwa sauti kubwa: yeye ni nani, mtoto wa nani, na huyu binti ni wa nani. Watu wao hawaingii porini kimya kimya kama wezi. Noelene alimsubiri amalize. Jumatatu makatapila yangekuja kukikata kilima kupitisha barabara, na watu wa ofisi ya barabara walishasema: tuonyesheni michoro ya mababu mwambani, barabara tutaipindisha. Mtu pekee aliyekumbuka njia ya kuifikia michoro alikuwa kaka yake Noelene, naye walimzika wakati wa kipupwe.

"Nilikuja nikiwa kijana, macho yakiwa bado macho," mjomba alisema. "Sasa hata wewe nakuona kama moshi."

"Afadhali. Nywele sijachana."

"Hilo sikuhitaji macho kulijua."

Michoro ile haionekani jua likiwa utosini. Husubiriwa jua la jioni, mwanga upite chini chini na mifereji iliyochongwa ijae kivuli. Noelene alikagua kila mwamba bapa kati ya mikaratusi, akimwaga maji ya chupa, akipapasa kuvu. Hakuna kitu. Jua likazidi kushuka, na kabla hajajizuia akaliita jina la kaka yake kwa nguvu zake zote.

Mjomba alimkamata mkono. Kwao jina la marehemu halitajwi. Ukilitaja unamrudisha njiani. Hata mama yao siku hizi alisema "yule" tu.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Limenitoka, Mjomba."

Ng'ambo ya korongo mtu akapiga mluzi. Ulikuwa mluzi mfupi, wa kuita mbwa, na Noelene alikuwa ameusikia maisha yake yote uani kwao, kaka yake akiupiga.

"Usiujibu," mjomba alinong'ona.

Hakuujibu, ila aliufuata, akimvuta mzee kwa mkono wa shati. Mluzi ulipokoma walikuwa juu ya mwamba mpana, jua limelala juu yake. Noelene aliona mkanda kiunoni mwa umbo kubwa la mtu lililochongwa, basi. Bibi yake alishamwambia: ukiuona mkanda huo, geuka, mwanamke haruhusiwi kuutazama. Akageuka upesi, akautazama msitu.

"Mjomba, ni mwamba wa wanaume."

"Basi kaa hivyohivyo. Mimi nitaona kwa vidole."

Alimsikia mzee akipiga magoti kwa kuguna. Kisha nyuma yake jiwe likaanza kusugua jiwe, polepole.

"Usiukwaruze, Mjomba, utauharibu."

"Sikwaruzi." Sauti ya mzee ilitoka karibu na visigino vya Noelene. Kusugua kulitoka mbali, mwisho wa mwamba. "Nimegusa mfereji. Una unga wa jiwe, tena mbichi."

Noelene alielewa ni nani anayesugua. Zamani wanaume waliichonga upya mistari hiyo ili isifutike, na kaka yake alikufa akilalamika kwamba hakuna aliyebaki wa kufanya kazi hiyo.

"Kwa hiyo kilima kimepona?" aliuliza, machozi yakimtoka.

"Kimepona. Kesho nawaleta wanaume wa ofisi wenyewe. Lakini yule je? Hana raha akikaa hapa. Umemwita wewe, muage wewe."

Noelene aliogopa, na alitamani kumwona kuliko alivyoogopa. Ilikuwa kugeuza shingo tu. Hakumwona akifa, alifika hospitali kitanda kimeshatandikwa upya.

"Nenda, kaka," alisema. "Mama hajambo. Tumeupata. Nenda zako nyumbani."

Jiwe liliendelea kusugua kidogo, kama mtu anayemalizia mstari wake, kisha likawekwa chini. Hatua zikaja juu ya mwamba kutoka kule mwisho, taratibu, zikasimama nyuma ya bega lake. Alisikia pumzi. Noelene akafumba macho, akayakaza, wala hakugeuka, asije akamzuia njiani.