Sahani ya Ayuma

Tangu ahamie Komarock, mtaa wa wenye nafasi kidogo, Ayuma aliogopa jambo moja tu: marafiki wa mtaa wake wa zamani, Kariobangi, wasije wakamwita babi. Na babi, kama hujui, ni yule mtu wa kuringa, anayeongea kwa pua na kuruka vumbi kana kwamba linang'ata.

Jioni hiyo alirudi kuwasalimia. Akasimama na Roseline na Odero kwa muuza mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, ambapo kila mtu hudokoa kipande ubaoni na kukichovya kwenye chumvi. Ulimi ukamponyoka: "Boss, yangu weka kwa sahani."

Kisu cha muuzaji kikasita hewani.

"Sahani?" Roseline akashika kiuno. "Mleteeni babi na kitambaa cha meza!"

"Na kiti," Odero akadakia. "Mababi hawali wakisimama, chakula kitapotea njia."

Ayuma alicheka nao, lakini moyo ulimuuma. Roseline alipogeuka kumchekea muuzaji, Ayuma akanyakua kipande kinono ambacho rafiki yake huyo alikuwa akikilinda ubaoni, akakitupa mdomoni kikiwa moto hadi machozi yakamtoka.

"Wee mwizi! Bado hujaacha?" Roseline akapiga kelele, kisha akamkumbatia. "Odero, rudisha kiti. Huyu ni wetu."