Wodi ya Ukutani

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mlinzi hajafungua mlango wa mbele, Mama Dekio alikuwa anadeki ukumbi wa benki ya akiba kwa mara ya pili, tena kwa hasira, maana kuna mtu alikuwa amekanyaga sakafu mbichi. Nyayo zilianzia bombani kule nyuma, zikapita dirisha la tatu, zikaishia ukutani chini ya picha ya wodi. Hii ilikuwa siku ya nne mfululizo.

"Huyu mtu hana adabu," alisema, akakamua dekio.

Picha yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango. Kila mwaka benki ile hutenga fungu la faida kwa ajili ya jamii, na wenye akiba huchagua wajengewe nini kwa kutumbukiza kifuniko cha soda kwenye ndoo ya mradi wanaoupenda. Miaka mitatu nyuma ndoo ya wodi ya wazazi ilijaa hadi vifuniko vikamwagika. Mama Dekio alitia chake, binti yake akatia chake. Wodi ikajengwa kweli ng'ambo ya barabara, tusiseme uongo. Vikaletwa vitanda vinne na mapazia ya kijani, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Muuguzi alikuwa hajaajiriwa bado, kwa hiyo keshia wa dirisha la tatu alivishwa sare ya kuazima, akasimama kando ya kitanda, mpigapicha akafanya kazi yake. Jioni vitanda vikapakiwa kwenye lori kupelekwa uzinduzi mwingine. Bomba halikuunganishwa. Mlango ukatiwa kufuli, na meneja akaitundika picha ukumbini.

Mwaka mmoja baadaye, binti wa Mama Dekio alishikwa na uchungu. Alikwenda kwenye wodi aliyoichagua kwa mkono wake mwenyewe, akakuta kufuli. Wakahangaika kutafuta gari. Mtoto wa kike alizaliwa njiani na kufa njiani, hospitali kuu ikiwa bado mbali. Tangu siku hiyo Mama Dekio aliifuta ile picha kila asubuhi kama kazi ilivyomtaka, na kila asubuhi roho ilimuuma.

Siku ya tano aliwahi, akageuza ndoo, akaikalia, akangoja. Pazia la kijani lilitikisika. Keshia wa dirisha la tatu, na sare yake ya uuguzi, alitoka pichani na ndoo mkononi, akainua mguu kidogo kuvuka fremu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe unayenichafulia?"

"Unisamehe. Kule ndani bomba halitoi maji."

"Basi futa miguu, mwanangu," alisema Mama Dekio, akamtupia tambara.

Saa mbili keshia mwenyewe aliingia kazini na mkoba wake. Akakutana na muuguzi wa pichani kwenye korido, wakasalimiana kama watu waliosoma darasa moja zamani, kila mmoja akashika njia yake.

Wakati huo binti alikuwa na mimba nyingine, mwezi wa tisa, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuitaja. Mama Dekio hakumung'unya maneno, akamuuliza muuguzi.

"Nafasi ipo huko kwenu?"

"Vitanda vinne, vyote vitupu."

Jumatatu iliyofuata foleni ilikuwa imefika mlangoni binti alipoingia amejishika kiuno. Watu walimpisha. Mlinzi alimshika mkono avuke, akamwambia aangalie asijikwae kwenye fremu. Pazia likavutwa. Waliokuja kuweka waliweka, waliokuja kutoa walitoa, na mzee mmoja tu ndiye aliyenung'unika kwamba kelele zinamchanganya. Saa sita kasorobo mtoto alilia ukutani. Kwenye dirisha la tatu keshia alijifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu, akamwita anayefuata. Mama Dekio aliegemea dekio lake akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakujificha.

Alikuwa mtoto wa kiume, mzima wa afya. Kwenye kisigino alikuwa na tarehe ndogo ya rangi ya machungwa, ileile iliyo pembeni mwa picha, yaani siku ya uzinduzi. Karani wa vizazi aliisoma, akaiandika kwenye cheti bila kuuliza. Kwa hiyo kwenye karatasi, mtoto wa siku tatu alikuwa na miaka mitatu kasoro wiki chache, kaka mkubwa wa yule dada aliyefia njiani.

"Huyu atawahi shule," karani alisema kwa moyo mweupe.

Habari zikaenea, akina mama wakaanza kuja kutoka mitaa yote. Meneja naye ni mtu mwelewa, aliwawekea benchi na ngazi ya vidato viwili. Kwenye mkutano wa wenye akiba wa mwisho wa mwaka alisoma taarifa: waliojifungulia kwenye wodi yetu tangu uzinduzi, thelathini na mmoja, watoto waliopotea, hakuna. Watu wakapiga makofi.

Mama Dekio alimfuata ofisini, mjukuu mgongoni.

"Meneja, kuna mmoja umemsahau. Mjukuu wangu wa kwanza."

"Alifia wodini?"

"Njiani. Wodi ilikuwa imefungwa."

Meneja alivua miwani. Alisema taratibu, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

"Mama, wodi haijawahi kufungwa hata siku moja. Huyo uliyembeba si alizaliwa humo siku ileile ya uzinduzi? Cheti mnacho wenyewe."

Mama Dekio alitazama nje. Dirishani, ng'ambo ya barabara, wodi ilionekana vizuri, na kufuli lake limeshika kutu. Mtoto alijinyoosha mgongoni, kisigino kikamgusa ubavuni.

Alirudi ukumbini, akajaza ndoo mbili bombani, akazipitisha juu ya fremu, maana kulikuwa na mzazi ndani. Kisha akachukua dekio, akafuta nyayo.