Chai Imezidi Unga

Mkaa uliobaki ulitosha kuwasha pasi mara moja tu, na mashati ya mwalimu mkuu yalikuwa bado hayajaguswa. Mama Pasi akapuliza matundu ya pasi mpaka majivu yakamrudia machoni, akatukana kidogo, kisha akaipitisha pasi kwenye kola ya kwanza. Pembeni ya shati kulikuwa na daftari lililofunguliwa. Kila akimaliza shati alifuta jasho la kiganja kwenye gauni, akashika kalamu na kuandika. Mkaa. Chumvi. Sabuni kipande. Bandeji.

"Umeandika kiberiti?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Kiberiti tumeazima kwa jirani."

"Andika hivyo hivyo, kiberiti cha kuazima. Wasije wakasema kaya inaficha moto."

Neno kaya liliingia nyumbani mwao siku moja na daftari. Zamani walikuwa familia, mume na mke na watoto wao wawili wa kike, lakini tangu waende ofisi ya ustawi wa jamii wamekuwa kaya, na mwanaume yule, ambaye siku hizi hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kulala chali, alilifanyia neno hilo mzaha asubuhi na jioni. Kaya inataka maji ya kunywa. Kaya imebanwa na haja ndogo, iletewe kopo. Mama Pasi alicheka mara za kwanza. Siku hizi alileta kopo kimya kimya.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Alidondoka na jukwaa la mbao lililofungwa kwa kamba za kuokoteza, ghorofa ya pili, kwenye jengo la mtu mwenye haraka. Mwenye jengo alilipa teksi ya kumfikisha hospitali, na baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena. Mguu ulifungwa vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, na pale vilipoingilia nyama palianza kutoa usaha. Daktari alisema bila kuzunguka: ufanyiwe upasuaji ndani ya miezi minne, la sivyo utakatwa. Gharama aliyoitaja, Mama Pasi hakuona hata haja ya kuikumbuka. Ila hospitali ilikuwa na msamaha kwa wasiojiweza, na kutojiweza ni lazima kuthibitishwe kwa barua, na barua hutoka ustawi, na ustawi haitoi barua mpaka ione mapato na matumizi ya kaya kwa miezi mitatu mfululizo. Kwa hiyo mguu ulikaa miezi mitatu ukisubiri hesabu.

"Kila senti, mama," Bwana Ustawi alimwambia siku ile ya kwanza. "Hata ukinunua pipi, iandike. Tukigundua umeficha kitu, jalada linafungwa."

Haikuwa mikwara. Mshona viatu wa mtaa wa pili alisahau kuandika hela aliyotumiwa na kaka yake kwa simu, na jalada lake lilifungwa kweli. Mama Pasi akaapa kwamba yeye hatafungiwa jalada kwa kusahau. Aliandika pipi. Aliandika uzi wa kushonea sare ya binti yake mkubwa. Na aliandika chai.

Hapo kwenye chai alisita. Mwezi wa kwanza mlinzi wa getini alimwambia foleni imejaa, arudi wiki ijayo, au kama vipi amwachie ya chai. Akamwachia. Ndani, karani wa masjala akatafuta jalada, akalikosa, akatafuta tena, halafu akauliza kwa sauti ya mtu mwenye kiu kama mama hana hata ya chai. Jalada likaonekana. Mwezi wa pili ikawa vilevile, na muhuri nao ukawa na chai yake. Mwezi wa tatu hakungoja kuombwa. Aliitoa ikiwa imekunjwa ndani ya kiganja, akajidharau kwa jinsi alivyoufanya mchezo ule kwa ustadi.

"Hii niiandikeje?" alimuuliza mumewe.

"Wao waliomba nini?"

"Chai."

"Si ndiyo hiyo? Andika chai."

Akaandika chai.

Bwana Ustawi alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha Mama Pasi zaidi ya yote, ule upole. Siku ya kukabidhi daftari alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mgonjwa, akalipokea daftari kwa mikono miwili. Kwenye meza ndogo ya pembeni karani wa masjala alikuwa akipanga majalada. Bwana Ustawi akaanza kushusha kalamu yake mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Vizuri. Mwandiko mzuri. Pipi umeandika, safi." Kalamu ikasimama. "Mama, ninyi ni wangapi nyumbani?"

"Wanne."

"Na huwa mnapokea wageni wengi?"

"Nani atakuja kwangu kufuata harufu ya kidonda?"

"Nauliza kwa sababu ya hii chai." Akaligeuza daftari ili naye aone. "Sukari umeandika robo. Majani pakiti ndogo, mwezi mzima. Halafu hapa chini umeandika chai, na hapa chai, na hapa chai tena. Nimejumlisha. Chai yenu imezidi unga."

Mama Pasi alilitazama jumlisho. Hakuwahi kulijumlisha yeye. Alizoea kuhesabu hela kwa mashati, maana kila shati lilikuwa na bei yake, na sasa aliyaona mashati yote yale yamerundikana, siku na siku za kuinama juu ya moshi, yote yameishia kwenye neno moja fupi.

"Hiyo si chai ya kunywa," alisema.

"Ni chai ya nini?"

Karani hakugeuka. Mikono yake tu ndiyo ilipunguza kasi.

"Ni chai ya hapa."

Bwana Ustawi aliinuka, akaurudisha mlango taratibu, akaketi tena.

"Mama yangu. Hiyo chai una risiti yake?"

"Risiti?"

"Matumizi yote makubwa yanaambatana na risiti. Imeandikwa ukurasa wa kwanza. Sasa wewe unasema umetoa hela ofisi ya serikali, risiti huna, shahidi huna. Hilo si tumizi tena, hiyo ni tuhuma. Nikiliandika hivyo hapa, jalada lako linaondoka kwangu linakwenda kwa wachunguzi. Wao hawana haraka."

"Na mguu?"

"Ndiyo maana nakuuliza vizuri. Kama una malalamiko lipo sanduku la maoni pale ukumbini."

"Ufunguo wake anao nani?"

"Anao karani."

Karani akakohoa. Mama Pasi alihisi kicheko kinampanda, kibaya, cha kutaka kuvunja vitu, akakimeza.

"Basi nifanyeje, baba?"

"Mimi nataka kukusaidia. Nenda pale kwenye benchi, andika upya. Hiyo hela ipo, imetoka, hatuwezi kusema haikutoka, maana mapato nayo umeyaonyesha. Ila itafutie mahali pazuri. Iweke kwenye chakula. Chakula hakiombwi risiti."

"Chakula gani?"

"Mama! Hata chakula nikufundishe?"

Daftari jipya alilinunua kwa mlinzi, ambaye aliuza madaftari kwa bei ya juu kuliko duka. Akaketi kwenye benchi ukumbini, daftari kwenye magoti, akaanza kutafuta mahali pa kuificha hela ambayo hakuila.

Alijaribu unga kwanza. Haikuwezekana. Hata uwalishe watu wanne mpaka watapike hawawezi kuumaliza unga wote ule. Maharagwe nayo yakakataa, chumvi ndiyo usiseme. Hela ilikuwa nyingi mno kwa vyakula anavyovijua. Akajikuta anapandisha ngazi, kitu kwa kitu, mpaka akafika kwa muuza nyama. Nyama ikaingia vizuri. Akaipanga Jumapili, maana hata kwenye uongo hakutaka kuonekana mfujaji wa kula nyama katikati ya wiki. Akaongeza maziwa ya watoto. Mayai, trei moja kwa mwezi. Kuku mmoja siku mumewe alipotolewa wodini, na mifupa ya supu, kwa sababu daktari alishasema mfupa unataka mfupa. Binti mdogo alipenda mapapai, akamwandikia mapapai. Halafu akagundua kwamba anatabasamu. Amekaa kwenye benchi la watu aliowalisha yeye, tumbo lake halijaona kitu tangu jana mchana, anajipikia kwenye karatasi na anatabasamu. Akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na maneno ya kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli tupu. Akatia sahihi. Karani akapiga muhuri, na safari hii, kwa adabu ya ajabu, hakuomba kitu.

Kamati ya kupitisha misamaha ilikaa. Bwana Ustawi alimpigia simu mwenyewe, akamwambia aje asubuhi, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba Mama Pasi aliacha nguo za watu mezani na kwenda mbio na kandambili.

"Kaa, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anachemka mwili. Barua imetoka?"

Bwana Ustawi aliivuta karatasi, akaisoma kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Kamati imepitia. Imeridhika na uwazi wa kaya katika kutunza kumbukumbu." Akapanguza mdomo. "Imebaini kuwa kaya hula nyama kila Jumapili, pamoja na maziwa, mayai, kuku na matunda. Kwa hiyo kaya inajimudu. Inashauriwa kupunguza matumizi ya anasa na kuelekeza fedha hizo kwenye matibabu."

Mama Pasi alisubiri. Alidhani kuna sehemu inafuata, ile sehemu ambayo mtu hucheka na kusema alikuwa anatania.

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Niandike chakula. Hapa hapa. Kwenye kiti hiki hiki nilikaa, ukaniambia chakula hakiombwi risiti."

"Nilikuambia uandike chakula." Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza upole ulimtoka kidogo, kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wakubwa. "Sikukuambia uandike karamu. Kuku, mama? Mapapai? Mwenyekiti wa kamati amenitazama kama mwehu. Mimi mwenyewe sili hivyo!"

"Hata mimi sili!" Ngumi yake ilikuwa imeshafika mezani kabla hajajua. "Sikuila hiyo nyama! Mmeila ninyi! Huyo karani hapo ameila, na yule wa getini ameila, mwenzangu amelala anaoza na mimi nawalisha ninyi!"

Mlinzi alichungulia. Bwana Ustawi akamwonyesha kwa kidole kwamba bado.

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulichoandika ni uongo," alisema, upole ukiwa umesharudi. "Na sahihi ni yako. Unajua hilo ni kosa? Sitaki kukufikisha huko. Nenda nyumbani. Kama unataka tupitie upya, chukua daftari lingine, miezi mitatu, uanze safi."

"Daktari amesema mwisho wa mwezi huu."

"Daktari ana taratibu zake, mama. Na sisi tuna zetu."

Alirejea na lile daftari jipya kwapani, amerudishiwa, na barua ya kukataliwa ndani yake. Njiani alipanga maneno ya kumwambia mumewe, akayapangua, akayapanga tena. Hakuna hata moja alilolitumia. Alipofika mwanaume alikuwa amegeukia ukutani, na shuka limelowa pale mguu ulipo. Mama Pasi akatupa daftari kitandani na kwenda kuwasha mkaa, kwa sababu nguo za watu zilikuwa palepale na wenyewe wangekuja kuzifuata kabla ya jua kuzama.

Binti mkubwa ndiye aliyelifungua daftari. Alikuwa darasa la tatu na alisoma kila kilichopita mbele yake, hata maandishi ya kwenye magunia. Alisoma kwa kidole, akikata silabi.

"Nya-ma, kilo mbili. Ma-zi-wa. Ma-ya-i, trei moja. Ku-ku." Akainua uso. "Mama, hii nyama tulikula lini?"

Mama Pasi alikuwa ameshika kipande cha mkaa na hakukumbuka alitaka kukiweka wapi.

"Ni wakati nimelala?" mdogo aliuliza. Macho yalishaanza kumjaa machozi. "Mlikula nimelala?"

Kitanda kililia. Mwanaume alikuwa akijigeuza, polepole, akiung'ang'ania ukingo, mguu ukifuata baadaye peke yake. Paji la uso liling'aa kwa homa. Alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akamtazama binti yake na lile daftari.

"Soma tena," alisema. "Anza pale kwenye kuku. Usikimbie, soma taratibu."

Mdogo akanyamaza, akasogea karibu na dada yake ili asikie vizuri. Kidole kikarudi juu ya ukurasa.