Ukuta wa Amos

Doreen Metcalfe alikuwa na maringo ya nyumba, na nani wa kumlaumu? Juu ya mlango limechongwa jina la Amos Metcalfe na mwaka 1694. Huyo ndiye babu wa mababu zake, na tangu hapo upepo wa vilima vya Yorkshire umevuma wee, umechoka wenyewe.

Sasa Callum Pryce, kijana mkaguzi wa majengo ya kale, alisimama mbele ya ukuta wa kaskazini akitikisa kichwa. Mawe yalikuwa yakibanduka maganda, na jikoni kumeota ukungu.

"Mama, huu itabidi ubomolewe. Aliyejenga alilipua kazi."

"Nani, Amos? Kunywa chai yako, mwanangu, kabla sijakunyang'anya kikombe."

Doreen alitania hivyo, lakini alijua kosa ni la nani. Miaka thelathini nyuma yeye mwenyewe alikwangua chokaa chakavu iliyoshika mawe yale, akajaza saruji. Jirani yake Stanley alimwonya kwamba jiwe linataka kupumua. Akamcheka, akajigamba kanisani na dukani kuwa kampita Amos. Ukungu ulipoota akasingizia uzee wa nyumba. Leo akinyamaza, sifa yake inabaki na ukuta unakwenda. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Akaenda bandani akachukua nyundo na tindo.

Aligonga mara tatu. Bamba la saruji likaanguka, na maji yakachuruzika kutoka nyuma yake.

"Umeona? Chokaa huyaachia maji yatoke. Saruji imeyafungia humo, yanalila jiwe. Na hili jiwe refu limeingia hapa, limetokea jikoni. Yako kumi na manne, yameushika ukuta pande zote mbili. Haya, pima kama ukuta umepinda."

Callum akateremsha uzi wa timazi kando ya ukuta. Akapima tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umenyooka kuliko nyumba yangu mpya. Nani aliweka saruji?"

"Mimi. Kwa mikono hii, na kiburi juu."

Callum akaandika kwamba ukuta usibomolewe, saruji itolewe, chokaa irudishwe. Chanzo cha uharibifu: ukarabati mbaya. Doreen akaisoma karatasi, akamrudishia.

"Hapo ongeza Doreen Metcalfe. Sitaki nife, halafu watu waje wamdhanie Amos."