Faili Zinazojizungusha

Tangu mkewe afariki na binti yao aolewe ng'ambo, simu ya fundi mstaafu wa kompyuta ililia kwa sababu moja tu: diski ya kazini imejaa.

Kazini kwake kwa zamani kulikuwa ni bohari ya dawa. Kila dawa ilipoingia au kutoka, programu ilinasa badiliko hilo na kulipeleka kwenye kompyuta za zahanati zote, na kila ilichokifanya ikakiandika kwenye faili za kumbukumbu. Faili zilinenepa zikaila diski. Diski ikijaa, programu inagoma.

Hapo ndipo msichana aliyerithi kiti chake alipompigia.

"Shikamoo mzee. Imejaa tena."

"Marahaba mwanangu. Umekula lakini?"

Wakafuta pamoja faili za zamani, moja moja, mzee akimwelekeza ipi ni salama kufuta, huku akiuliza nani kahamishwa, na kama lile feni bado linalia kama paka mgonjwa. Soga ilichukua muda kuliko kazi.

Tatizo lilikuwa na dawa, na mzee aliijua. Mistari michache kwenye mipangilio, nazo faili zingejizungusha zenyewe: faili ikifikia ukubwa fulani ifungwe, mpya ifunguliwe, ile ya zamani kabisa ijifute. Hakuwahi kumwambia. Kila mara alijisemea atamwambia safari ijayo.

Asubuhi moja alikwenda kunyoa, akaiacha simu kwenye chaji. Aliporudi alikuta msichana amepiga mpaka amechoka. Akampigia.

"Programu ilisimama, mzee," msichana alisema kwa sauti ya chini. "Kompyuta zikaonyesha dawa ya kifafa ipo zahanati ya mlimani, kumbe ilishakwisha. Mama mmoja akatumwa huko na mtoto mgongoni."

"Mtoto yukoje?"

"Kifafa kilimpanda njiani. Sasa ametulia, dawa kapata. Mzee, hivi hakuna namna faili hizi zikajizungusha zenyewe?"

Fundi aliketi kitandani, upande aliokuwa akilala mkewe.

"Ipo," alisema. "Ilikuwepo siku zote."

Msichana hakuuliza kwa nini, na hilo lilimuuma mzee kuliko kama angegombezwa. Alimsomea ile mistari, msichana akaiandika, akaiwasha programu upya. Wakangoja, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Faili moja ikafungwa, nyingine ikafunguka.

"Imekubali. Ahsante, mzee. Sasa pumzika."

Akapumzika. Wiki zikapita, simu kimya kama maji mtungini. Hatimaye uvumilivu ukamshinda, akapiga mwenyewe.

"Diski inaendeleaje?"

"Haijajaa tena, mzee. Niko kikaoni, nitakupigia."

Hakupiga, wala mzee hakumlaumu. Mtu na kazi yake. Siku iliyofuata, baada ya kuosha sahani yake moja, alimpigia binti yake ng'ambo.

"Baba? Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo," alijibu, kisha akatafuta la kuongeza.