Herufi za Dokta Lerionka

Jumatatu ya kwanza ya Agosti 1997, saa nne asubuhi, Dokta Lerionka aliketi kwenye benchi la wateja katika duka la kuchapa la Twahir, pale Sakina, akavua kofia, akaipachika gotini na kusema, "Chapa mende."

Twahir akamtafuta mende. Kila kitufe cha kibodi alikuwa amekibandika kipande cha plasta ya kidonda, na juu ya plasta amechora kwa kalamu herufi moja ya Kirusi. Mende alikuwa kwenye kitufe cha nukta-mkato. Akabonyeza, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea Ж, nyeusi, ina miguu sita.

"Tayari, Dokta."

"Sasa kibanda chenye miguu miwili. Halafu Y."

"Tayari."

"Hapo umeandika 'nakusubiri'," Dokta alisema. Alitaka neno hilo litangulie. Salamu zingefuata baadaye.

Dokta Lerionka alikuwa daktari wa mifugo. Alisomea kazi hiyo miaka sita huko Voronezh, enzi za Sovieti, akarudi kusimamia majosho ya serikali kuanzia Ngaramtoni hadi kwingineko magharibi ya Meru, mpaka serikali ilipopunguza watu na kuacha majosho yakauke. Kirusi alikuwa nacho chote kichwani, lakini macho hakuwa nayo. Presha ya macho ilimaliza jicho la pili mwezi wa Mei. Twahir alikuwa na macho mazuri na hakujua neno hata moja la Kirusi. Ukiwajumlisha, walifanya mchapaji mmoja mzima. Kwa hiyo waliziita herufi kwa sura zake: mende, kibanda, chanuo, chanuo lenye mkia, geti, R iliyogeukia ukutani.

Kazi hiyo Twahir angeweza kuikataa tangu mwanzo, na watu wangemwelewa. Tatizo ni kibao cha nje. Biashara zilipofunguliwa na kila mwenye kompyuta akafungua duka, wawili walijipanga ng'ambo ya barabara, na Twahir akaongeza mstari kwenye kibao chake: TUNACHAPA LUGHA ZOTE. Kwa lugha zote alikusudia Kiswahili, Kiingereza, na Kimasai cha nyimbo za kanisani. Mwezi Juni Mama Nashipae, mke wa Dokta, alimsomea mumewe kibao hicho kwa sauti, na wote wawili wakaingia ndani.

Walikuja na barua ya Maria. Maria alikuwa binti wa Dokta, aliyezaliwa Voronezh mwaka mmoja kabla Dokta hajaitwa nyumbani, na kwa miaka ishirini na mitano baba na binti hawakupata barua hata moja kutoka kwa mwenzake. Barua yake ilifika jicho la Dokta likiwa linazima. Aliisoma kwa siku tatu, juani, na kioo cha kukuzia. Maria aliuliza jambo moja tu: je, uliondoka kwa sababu hukututaka? Mwishoni mwa Septemba angehama na mumewe kwenda nchi nyingine, na anwani ile isingekuwepo tena. Kama asingepata neno kabla ya hapo, angejua la kufikiri, na asingemsumbua tena.

Dokta alijaribu kujibu kwa mkono, lakini mistari ilipandana, na Mama Nashipae akamwambia kwa upole kwamba hata yeye asiyejua Kirusi anaona hakisomeki.

Kompyuta ya Twahir haikuwa na herufi za Kirusi. Alizitafuta Julai yote. Mhindi wa kompyuta mjini alimwambia ataziagiza Nairobi, kisha akasahau. Mwisho alizipata kwa fundi Mrusi wa ndege ya mizigo inayobeba maua kutoka uwanja wa ndege wa KIA, mtu mnene mwenye huzuni, aliyempa diski ya flopi bila kumdai chochote isipokuwa ahadi kwamba ataitumia vizuri. Twahir aliahidi.

Walichapa siku nne. Dokta alitaja herufi, na kila sentensi ikiisha aliitafsiri, ili mchapaji ajue anafanya nini. Sikuondoka kwa kutokutaka. Nilikuandikia mara kumi na moja, sijui barua zilikwenda wapi. Kuna chumba chako hapa, dirisha lake linautazama mlima. Sioni tena, lakini ukizungumza nitakujua. Mama Nashipae alikuwa kando yake akichambua maharage kwenye ungo, na Dokta alipofika mahali pa chumba, mkewe alisema, "Mwambie nimeshakitia chokaa, Baba Tajeu." Dokta akalitaja hilo pia, herufi kwa herufi. Wao wenyewe kwa wenyewe waliitana kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Tajeu.

Alhamisi alasiri barua ilikamilika, kurasa mbili, inapendeza kwenye kioo. Twahir akabonyeza chapa. Printa ikanguruma, ikatoa kurasa mbili zilizojaa visanduku. Kila mahali penye herufi palikuwa na kisanduku kitupu, kimoja baada ya kingine, vimepangwa vizuri, na kati yake nukta na mikato. Printa haikuzijua herufi zile. Alichapa tena, vikatoka visanduku vile vile.

Kauthar, dada yake, aliyekuwa kwenye mashine ya kutolea nakala, aliangalia karatasi, akamwangalia na kaka yake.

"Imetoka?" Dokta aliuliza.

Wazee hawa walikuwa wameshuka kutoka Ngaramtoni siku nne mfululizo. Mara tatu Julai Twahir alikuwa amewaambia njooni wiki ijayo. Aliona haya kusema tena. Tusimtetee; sababu yenyewe ndiyo hiyo, hakuna nyingine iliyojificha. Alisema, "Imetoka, Dokta."

Dokta alipitisha vidole juu ya karatasi, hakuhisi kitu, akampa mkewe. "Mama Tajeu, angalia. Zinaonekana?"

Mama Nashipae alisoma Biblia kila jioni na hakuwa mtu wa kudanganyika kwa maandishi. Aliisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. "Mbona madirisha matupu?"

"Ndiyo Kirusi hicho, mama," Twahir akasema.

"Haya. Kila watu na maandishi yao." Akamgeukia mumewe. "Zinaonekana, Baba Tajeu. Zimejipanga vizuri sana."

Wakaikata anwani kwenye bahasha ya Maria, wakaibandika kwenye bahasha mpya ili isikosewe, na wakaenda posta.

"Kaka, mwambie," Kauthar alisema mlango ulipofungwa.

Twahir alikuwa na mpango. Jumatatu angechukua barua kwenye flopi, aombe kuichapa kwenye printa ya mtu mwingine mjini, aitume yeye mwenyewe, na hakuna ambaye angejua. Alilala vibaya siku tatu akijiambia mpango ni mzuri. Jumatatu alipoifungua barua kwenye kompyuta, kurasa zote mbili zilikuwepo na nukta zake na mikato yake mahali pake. Herufi hazikuwepo. Ziliondoka kwenye kompyuta siku ile ya Alhamisi na hazikufika kwenye karatasi.

Jumanne, saa tano hivi, mende wa kwanza alitoka kwenye mdomo wa printa. Alivuka meza kwa miguu sita, akashuka kwenye mguu wa kiti, akasimama sakafuni. Zikafuata geti mbili na chanuo. Kauthar alizifagia pembeni ili zisikanyagwe. Mpaka Ijumaa zilikuwa zimetoka mamia, na duka likawa na kelele ndogo ya kuparuza siku nzima. Mchungaji Ephraimu alipokuja kuchukua ratiba ya sikukuu ya mavuno alizikung'uta tatu kutoka kwenye mkono wa koti lake.

"Hizi ni za nani?"

"Za Dokta Lerionka," Kauthar akasema.

"Basi mpelekeeni. Vitu vya watu havikai hivi hivi." Akalipia ratiba, akaondoka.

Mbili zilitoka nje na kuku wa jirani akazila. Jirani alikuja kulalamika kwamba mayai sasa yana alama, na wateja wa mayai wanauliza.

Wiki iliyofuata herufi zilianza kupanda ukuta wa ndani, ule mkubwa unaoelekea mlango, na kujipanga. Hazikugombana. Kila moja ilijua mahali pake. Iliyofika mapema iliacha nafasi na kusubiri zinazotangulia. Kufikia tarehe ishirini na nane Agosti ukuta ulikuwa na barua nzima. Twahir alimtambua mende wa mwanzo juu kabisa, akifuatiwa na kibanda na Y.

Hapo akaona bado kuna mwezi mzima. Alibandika karatasi ukutani, herufi zikaizunguka na kujipanga pembeni. Aliweka karatasi juu yake na kusugua penseli, vikatokea visanduku. Alimleta mpiga picha, akapiga filamu nzima, na picha ziliporudi zilimwonyesha Kauthar akiwa amesimama vizuri mbele ya ukuta wa visanduku. Alijaribu kuzichora mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa mkono wake ulishazoea sura zake kwenye plasta. Mkono ulichora visanduku. Alikaa akiutazama mkono ule, na alijichukia waziwazi, bila kuzungusha.

Kilichobaki kilikuwa rahisi, na alikijua. Apande gari mpaka Ngaramtoni, amwambie Dokta, na Dokta atafute njia yake: simu ya kuombewa posta, telegramu, mtu wa ubalozi. Alipanga kwenda Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na fomu za shule. Jumamosi nyingine kulikuwa na kadi za harusi. Kauthar hakusema "mwambie" tena. Alikuwa akivuta kalenda tu na kuikata siku kwa kalamu, mbele yake. Septemba ikaisha.

Katikati ya Oktoba Dokta Lerionka na Mama Nashipae waliingia dukani.

"Shikamoo, Dokta. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twahir, hajajibu," Dokta alisema, akiwa bado amesimama. "Nimefikiri. Posta zetu unazijua. Inawezekana haikufika, au ilifika haisomeki. Nataka tuandike nyingine, tuitume chuoni kwangu, huenda yupo anayejua alikohamia. Leo tutaanza na salamu."

Mama Nashipae hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama ukuta. "Haya maandishi ni ya nani?" aliuliza.

"Ni barua ya Dokta, mama," Kauthar akasema.

"Barua ipi?" Dokta aliuliza.

Akanyoosha mikono na kwenda mwenyewe mpaka alipofika ukutani. Herufi zilitulia. Zilikuwa na ugumu kidogo na joto kidogo, na vidole vyake vilimpata mende mara moja. Akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti, kwa Kirusi, akienda kulia, akirudi, akiinama mistari iliposhuka. Ilimchukua nusu saa. Mteja mmoja aliingia, akaona watu wanasikiliza, akavua kofia na kusubiri. Mahali pa chumba Dokta alisimama.

"Hapa pana pengo. Na hapa. Herufi mbili hazipo."

"Kuku alizila," Twahir akasema.

"Kwenye karatasi nazo zilikosekana?"

"Hapana, Dokta. Kwenye karatasi hazikukosekana hizo."

"Maana lingekuwa kosa baya." Akaendelea mpaka mwisho, kwenye jina lake, kisha akabaki ameweka kiganja juu ya jina hilo. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Twahir hakuwahi kuiona usoni mwa mteja. "Sikujua kwamba niliiandika vizuri namna hii. Mtu hajisikii anapotaja herufi moja moja. Na iliyokwenda ndiyo hii hii?"

Twahir alimtazama Mama Nashipae. Alikuwa amesimama kati ya benchi na mlango, mkoba kifuani, na midomo yake ilitikisika akiilinganisha mistari ya ukutani na madirisha matupu ya karatasi ile. Alilipata jibu lake. Akamtazama Twahir usoni, muda mrefu.

Ilikuwepo nafasi. Twahir aliiona ilivyokuwa pana, na neno alikuwa nalo.

"Ndiyo hii hii, Dokta," alisema.

Dokta aliondoa kiganja. Taratibu furaha ile ikamtoka.

"Basi aliipata," alisema. "Bahasha tuliibandika kwa anwani yake mwenyewe, na haikurudi. Alisoma haya yote. Alisoma na habari ya chumba." Alitoa leso, akafuta vidole kimoja kimoja. "Nilidhani haikuandikwa vizuri. Nilidhani kosa ni langu. Kumbe ameisoma, akaona hapana."

"Labda, Dokta, tungeandika ile nyingine," Twahir akasema.

"Ya nini? Hakuna la kuongeza. Mtoto akishakataa, amekataa. Nami nilimwacha akiwa wa mwaka mmoja, ana haki." Alitafuta kofia, akaivaa. "Mama Tajeu, twende. Chumba kile tutaweka magunia ya mahindi, yasinyeshewe mwaka huu tena."

Mama Nashipae alimshika mkono, akamvusha kizingiti, akamsimamisha salama ukingoni mwa barabara. Kisha akarudi mpaka mlangoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia zimejipanga vizuri," alimwambia Twahir kwa sauti ya chini. "Aliniamini mimi. Wewe hakukuuliza kama zinaonekana."

"Mama, ningeweza kumwambia sasa hivi. Nimkimbilie?"

"Umwambie nini? Kwamba binti hakumkataa, ila amempoteza kwa sababu yetu sisi wawili?" Alitazama nje, mume wake alikokuwa akisubiri, uso ameuelekeza mlima Meru asiouona. "Atauliza nilikuwa wapi."

Akatoka. Walipanda pamoja kwenye gari la Ngaramtoni.

Mteja aliyevua kofia akasogea mezani na karatasi yake. Alitaka barua ya maombi ya kazi, kwa Kiswahili, na alisema haina haraka.