Kobe Aliyepotea Sebuleni

Mwanangu Okari alinipa sharti, na alilitoa akiwa amesimama kwenye mlango wangu mwenyewe, hapa Suna, Migori. "Mama, daktari amesema usiiname. Kama nyumba itafagiwa bila wewe kuinama, kaa. Ikishindikana, nakuja na gari nikupeleke Nairobi." Nairobi kwake ni ghorofa ya tano na hakuna lifti. Ningekaa kule juu nikiangalia nguo za majirani zikikauka mpaka Bwana Yesu arudi.

Mimi ni Eucabeth. Nilikuja Migori na marehemu mume wangu, tukauza ndizi na maharagwe sokoni, tukajenga nyumba hii tofali kwa tofali. Mwaka huu niliteleza bafuni nikavunjika nyonga, ikatengenezwa, nikapona. Nyonga ndiyo iliyovunjika, si kichwa. Lakini watoto wa siku hizi, ukianguka mara moja tu, wanaanza kukujadili ukiwa hapo hapo umekaa unawasikia.

Wasichana wa kazi tulishajaribu. Wa kwanza alikuwa anapiga deki simu ikiwa sikioni, maji yanafika mpaka chini ya kochi. Wa pili nilimwambia neno moja tu, akafunga virago. Haya, yalikuwa maneno kadhaa.

Ndipo Okari akaniletea mashine. Ni nyeusi, ya mviringo, imelala chini, na mgongoni ina kinundu kinachozunguka. Inatembea yenyewe sakafuni ikifyonza vumbi. Nikaipa jina Kobe. Ukiamka asubuhi unabonyeza kitufe, Kobe anatoka kwenye chaja yake, anafagia chumba baada ya chumba, halafu anarudi mwenyewe kulala. Okari alimuunganisha na simu yake, kwa hiyo hata akiwa ofisini Nairobi anaona Kobe amefika wapi. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye kochi na kikombe changu cha chai, nikimtazama akihangaika, nikasema, eh, Eucabeth, leo wewe ndiye mdosi.

Wiki ya pili Kobe akarukwa na akili. Anatoka kwenye chaja, anazunguka pale pale, anagonga mguu wa meza, anarudi nyuma, anaugonga tena ule ule. Halafu anasimama katikati ya sebule na kutangaza kwa Kiingereza cha puani kwamba hajui yuko wapi.

"Uko Suna!" nikamwambia. "Uko kwa Mama Okari! Kwani hii nyumba ni kubwa kama uwanja wa ndege?"

Hata sijamaliza kumgombeza, simu ikalia. Ni Okari. "Mama, mashine imesimama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Inapumzika."

"Mashine haipumziki, mama."

Nilijua hesabu anayopiga. Kobe akishindwa, nimeshindwa mimi. Kesho yake nikachukua boda nikampeleka Kobe na chaja yake kwa Magige, yule fundi Mkuria wa simu na televisheni pale karibu na stage ya matatu. Kabla ya kutoka nilimvua kitambaa chake nikakiacha nyumbani, maana barabarani kuna vumbi na uzi wenyewe ni mweupe. Ndiyo, Kobe ana kitambaa. Nilimfumia kwa mkono wangu, kikaisha mwisho wa ile wiki ya kwanza, maua meupe na kijani, na lastiki pembeni ili kisidondoke. Kila kitu kwangu kina kitambaa: televisheni, redio, makochi yote, hata mtungi wa maji ya kunywa. Kitu hakikai uchi sebuleni kwangu.

Magige alimgeuza Kobe tumbo juu, kisha akanionyesha kile kinundu cha mgongoni. "Hili ndilo jicho lake, mama. Linazunguka likirusha mwanga. Mwanga unagonga ukuta, unarudi, ndio anajua ukuta uko mbali ama karibu. Jicho likichafuka, anapotea."

Akalisafisha kwa pamba na spiriti. Akafuta ramani ya zamani ya nyumba iliyokuwa kichwani mwake. Akamwachilia Kobe pale dukani, katikati ya televisheni mbovu na miguu ya wateja. Wee! Kobe alipita kati ya miguu ya watu kwa adabu, akazunguka stuli, akarudi kwenye chaja bila kugusa kitu. Wateja wakapiga makofi.

"Amepona," Magige akasema.

Nikafika nyumbani, nikamvalisha, nikabonyeza. Akagonga mlango, akagonga kabati, akasema hajui yuko wapi.

Nikarudi kwa Magige siku iliyofuata, kitambaa nimekiacha nyumbani tena, nimekasirika mpaka boda akaniuliza kama nimefiwa. Magige akamjaribu tena. Mzima kabisa! Akajikuna kichwa. "Basi mama, shida ni nyumba yako. Labda kioo kinamchanganya. Labda zulia. Labda sakafu imeng'aa sana."

Nyumba yangu, shida! Lakini nikameza hasira. Nikafunika kioo kwa leso. Nikakunja zulia kwa mguu. Viti nikavipandisha juu ya meza, kimoja kimoja, bila kuinama. Sebule ikabaki kama ya watu wanaohama, na jambo hilo halikunifurahisha hata kidogo. Nikabonyeza. Kobe, kitambaa chake mgongoni, akaenda moja kwa moja chumbani, akaingia chini ya kitanda, akafia huko.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hawakuvunjika nyonga. Nikamwacha huko huko, nikatoka nje kuchuma mboga, na nikiwa nje sikubeba simu. Niliporudi nilikuta Okari amepiga mpaka simu imepata joto. Nikampigia.

"Mama, Jumapili nakuja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Nakuja na gari."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Hapa nikitoka kwenda dukani naitwa Mama Okari na kila mtu, naulizwa nyonga, nabishana bei ya omena kwa kujifurahisha tu. Kule ghorofani ni nani atabishana nami?

Nikamtumia Magige salamu kupitia kwa jirani yangu Monicah: njoo wewe mwenyewe, uone kwa macho yako. Akaja Ijumaa. Akamtoa Kobe mvunguni kwa mti wa ufagio, akamrudisha kwenye chaja ale moto, akakaa akapewa chai. Nilimpangusa Kobe vumbi, nikamnyoosha kitambaa chake vizuri kwa sababu kuna mgeni, nikabonyeza.

Magige akaweka kikombe chini.

"Mama, hii nguo ni ya nini?"

"Hiyo ni kitambaa."

"Naona ni kitambaa. Kinafanya nini hapo juu?"

"Kinafanya nini? Kinafunika! Kwani huko kwenu televisheni inakaa uchi?"

Alicheka mpaka chai ikampanda puani. Alijaribu kuongea, akashindwa, akanyoosha kidole tu kumwonyesha Kobe, ambaye wakati huo alikuwa anagombana na mguu wa meza. "Mama," akasema mwishowe, "umemfunga macho! Anachungulia kwa hayo matundu ya maua. Anaona kipande cha ukuta, kinapotea, anaona kingine. Hata mimi ningegonga meza!"

"Na mbona hukuniuliza?"

"Niulize nini, mama? Nikuulize kama mashine huwa inavaa?"

"Kuuliza si ujinga, Magige!"

Nilikasirika, halafu nikaona vile Kobe alivyokuwa ameinamia meza na maua yake mgongoni, nikaanza kucheka mimi pia, nikacheka mpaka nyonga ikauma. Kumwacha uchi nilikataa kabisa. Nikachukua makasi, nikakata tundu katikati ya kitambaa, nikalifuma ukingo kwa sindano ya kufumia, jicho likatoka juu kama kichwa cha mtu kwenye sweta. Magige akakagua, akavuta hapa na pale kuona kama kuna uzi unaoning'inia, akasema sawa. Kobe akafagia nyumba nzima akiwa amevaa.

Jumapili Okari alifika na gari la kukodi, viti vya nyuma vimelazwa kupisha mizigo. Vimelazwa! Nikajifanya sijaona. Nikamkaribisha, nikamwekea chai, nikabonyeza kitufe. Kobe akatoka, akapita chini ya meza, akaingia chumbani, akatoka, akarudi kwake kulala.

"Haya," nikasema. "Viti vya watu virudishe vilivyokuwa."

Okari hakuwa anamwangalia Kobe. Alikuwa ameshika simu, anaangalia kile kidoti kinachoonyesha Kobe alikopita.

"Mama, kwani nani anajali vumbi?" akasema.

"Unasema nini?"

"Hii kitu haitoki mpaka uibonyeze. Kila asubuhi nikiona imetoka, najua umeamka. Ndipo nakunywa chai. Ikisimama, sijui ni yenyewe imesimama ama ni wewe umeanguka tena. Ile siku iliingia chini ya kitanda na wewe haushiki simu, nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikashindwa kupumua."

Kwa hiyo niliambiwa ni mfagiaji, kumbe ni askari. Nilitaka kuwaka, na hasira mimi ninayo ya kutosha mtaa mzima. Lakini nilimtazama mwanangu, ndevu zimeanza kuingia mvi, amekalia ukingo wa kochi kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, na nikampenda mpaka kifua kikauma.

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza, ndiyo. Halafu ningekusikia."

Akapangusa macho kwa kiganja. Nikajifanya namwongezea chai.

"Hapa sibanduki, Okari."

"Najua, mama."

"Lakini kila asubuhi nitabonyeza, nyumba iwe chafu ama safi."

Akaitazama tena simu yake. "Na Jumamosi?"

Sisi ni Wasabato. Siku ya Sabato kwangu hakuna anayefanya kazi, si mimi, si mgeni aliye ndani ya malango yangu, na Kobe naye hukaa kwenye chaja yake akimtukuza Mungu.

"Jumamosi huwa unafanyaje?" nikamuuliza.

"Huwa sinywi chai mpaka saa nane, utoke kanisani uwashe simu."

Jumamosi zote hizo! Na mimi kule mstari wa mbele nikiimba.

"Jumamosi utanipigia kabla sijatoka," nikasema.

"Nikupigie niseme nini?"

"Useme habari ya asubuhi, mama. Hata mtoto wa nasari anaweza."

Jumamosi simu ililia kabla jogoo wa Monicah hajawika. "Habari ya asubuhi, mama," akasema. Nikamwambia ni nzuri. Hakuna aliyekata simu, nikamsikia kule Nairobi akikoroga chai.